Siku Nne Visiwani Kabla ya Ng'ombe

Jumapili, 5 Oktoba

Nimefua, nguo hazijakauka. Mvua ya Kebirigo ina macho, inangoja uanike ndipo ije. Insha za Gredi ya Saba bado ziko mezani. Kichwa ni "Siku Nisiyoisahau". Nimesahihisha kumi na mbili, na katika tisa mwandishi amegongwa na boda.

Kemunto alifika saa nane kutoka Nyanchwa. Akavua viatu, akapanda kitandani kwangu na daftari lake, akaniambia nisogee. Hivyo ndivyo tunavyopanga mambo yetu miaka yote. Viti ni vya wageni.

Safari sasa imeshika sura. Mbita kwanza. Halafu Rusinga kwa boda, maana kuna daraja. Halafu Takawiri, halafu Mfangano. Siku nne. Hoteli hatuendi. Hoteli za ziwani ni za watu wanaolipa kwa dola na kulalamikia mbu. Sisi tutalala kwa wenyeji, tule wanachokula, tupande boti kubwa la abiria pamoja na magunia ya omena na kuku wa watu. Kukodi boti letu peke yetu ni kujitakia umaskini. Tutatoka Jumapili turudi Jumatano, Sabato itukute nyumbani. Samaki asiye na magamba hatumli. Kemunto anasema kambare akiungwa vizuri hata mchungaji hawezi kumtambua. Mjinga huyu. Nilicheka hadi nikakohoa.

Miaka thelathini na tano tumeingoja. Tukiwa kidato cha pili shule ilitupeleka ziwani. Waliolipa waliingia kwenye boti wakaenda kuona visiwa. Wazazi wetu sisi wawili hawakuwa wamelipa. Tukaachwa ufuoni tulinde mifuko ya wenzetu, asubuhi hadi jioni. Tukaapa tutakuja siku moja kwa pesa zetu. Aliyeanza kuapa ni yeye.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimempata kwa simu mama mmoja wa Mfangano anayepokea wageni kwake. Mama Achieng. Mjane kama mimi. Kiswahili chake cha ziwani, changu cha milimani, tukaelewana. Bei nzuri, chakula ndani. Ana vyumba viwili vya wageni.

Nilitaka vyote viwili. Kemunto anakoroma, huo si uchongezi, hata marehemu mume wangu alipata kumsikia kupitia ukuta. Nikampigia kumwambia. Akakataa kabisa. Chumba kimoja, kitanda kimoja, kama bwenini. Kidato cha kwanza godoro langu liliibwa, nikalala naye mwaka mzima, miguu yake kichwani kwangu.

Nikadhani anabana matumizi. Nikampenda zaidi kwa hilo.

Jumanne, 14 Oktoba

Kemunto ananichosha. Ghafla hataki Desemba. Anataka Novemba, mwanzoni. Amenipigia mara tatu kwa suala hilo hilo. Nimemwambia nasimamia mtihani wa kitaifa hadi tarehe ishirini na moja. Ananiambia nitafute mtu wa kunishikia. Wa kunishikia mtihani wa kitaifa! Anafikiri ni zamu ya kufagia kanisa.

Kisha akasema Desemba ni mbali, Kwamboka.

Mbali wapi? Miaka thelathini na tano haikuwa mbali, miezi miwili ndiyo mbali. Tumekubaliana Jumapili, tarehe kumi na nne Desemba, na nimeiandika kwa wino.

Jumapili, 19 Oktoba

Kemunto hakuja. Goti. Anasema halikunjiki. Nimempelekea mkungu wa ndizi kwa mtu wa boda na dawa ya kuchua. Masikini.

Nimeandika orodha peke yangu. Chandarua, vidonge vya malaria (sisi watu wa baridi mbu wa ziwani hutumaliza), tochi, kanga ya kuogea, Biblia ndogo.

Nyaboke amenipigia mara mbili leo. Binti yangu huyu, wa pekee, kwa kawaida hupiga akiishiwa. Yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi kule Nakuru. Leo hakuomba chochote. Aliniuliza kama nimekula. Nikafurahi siku nzima kama mtoto aliyepewa andazi.

Jumapili, 26 Oktoba

Sijui niandikeje. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilienda Gesima kuangalia chai yangu. Ni kwa marehemu, shamba letu linapakana na la shemeji yangu Mogaka, kaka yake mkubwa. Bosibori, mama anayenichumia, aliponiona alitua kikapu katikati ya mistari akanikumbatia. Hongera, Mwalimu. Nikamuuliza hongera ya nini. Akacheka, akidhani namtania. Hongera ya binti. Wageni walikuwa wengi Jumapili iliyopita, walishiba, na yule rafiki yako wa Nyanchwa alivaa kitenge cha kijani, alipendeza kweli. Wewe ulikuwa wapi?

Nilikuwa wapi. Nilikuwa Kebirigo naandika chandarua.

Nilikwenda kwa Mogaka na viatu vya matope hadi sebuleni. Hakukana. Onchari, mwana wa Kemunto, anamtaka Nyaboke. Si kumtaka tu. Wanaishi pamoja Nakuru tangu Januari. Jumapili ile walikuja kubisha hodi tu, anasema, bado hakuna kilichotolewa. Ng'ombe wa mahari wataletwa tarehe saba Desemba. Ningeambiwa wakati ukifika. Nikamuuliza wakati wa mama wa msichana kuambiwa ni upi. Akasema, Mama Nyaboke, kila mtu anajua ulivyo. Ungepiga kelele. Ulishasema binti hataolewa kabla hajamaliza masomo, nani angekujaribu?

Basi wakakaa kwenye nyumba iliyo hatua mia mbili kutoka kaburi la mume wangu, wakala, wakamgawa binti yangu, na mimi hata sahani sikuosha.

Kemunto alikuwepo. Goti lilipanda kilima cha Gesima bila shida yoyote.

Jumatatu, 27 Oktoba

Januari. Nimehesabu kwa vidole. Miezi kumi amekuwa akipanda kitanda changu na daftari lake. Tumejadili bei ya boti. Tumejadili kama tubebe sufuria. Mwezi wa sita nilimlilia kuhusu karo ya Nyaboke, akanishika mkono, akaniambia huyo mtoto ana akili, atafika mbali. Alijua mbali kwenyewe ni chumbani kwa mwanawe.

Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikageuza shavu la pili lipakwe.

Onchari mwenyewe sina neno naye. Ni kijana mzuri, fundi wa umeme, nilimbeba akiwa na surua. Angekuja kwangu ningepiga kelele, kweli. Ningepiga kelele siku mbili. Siku ya tatu ningechemsha chai.

Jumatano, 29 Oktoba

Nyaboke kwa simu. Alilia. Nilimwacha alie. Anasema aliogopa, anasema Kemunto ndiye aliyewaambia wangoje kwanza, atatafuta siku nzuri ya kuniambia yeye mwenyewe. Miezi kumi hakuona siku nzuri. Anasema atamaliza masomo, yuko wodini, ameapa. Nikamwambia aache kuapa.

Jumapili, 2 Novemba

Alikuja. Bila kupiga simu, na kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda matangani.

Hakuvua viatu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Kiti cha mgeni. Hapo ndipo moyo uliponipasuka, kabla hata hajasema neno. Maana nilijua sababu. Ng'ombe wakishaingia boma letu, mimi na yeye tunakuwa korera, wazazi wa mume na wazazi wa mke. Korera hawataniani. Korera hakai kwenye kitanda cha korera mwenzake, hata chumba cha kulala haingii. Wanasalimiana kwa adabu, wanaulizana habari za mifugo, wanapeana heshima hadi kaburini. Mama yangu na mama wa mume wangu waliishi hivyo miaka ishirini na sita. Sikuwahi kuwaona wakicheka pamoja.

Akaniambia yote. Walitaka kuja mapema zaidi, ndiye aliyewazuia. Aliwavuta hadi Oktoba, akawavuta tena ng'ombe wasije kabla ya Desemba. Ndiyo maana ya Novemba. Ndiyo maana ya kitanda kimoja. Alitaka twende visiwani tukiwa bado ni sisi. Angeniambia tukirudi, ndani ya boti.

"Nilitaka siku nne tu, Kwamboka. Baada ya hapo sitakuwa na wewe tena."

Na mimi je? Nilimuuliza hivyo. Wewe ulijua unaaga. Ungecheka ukijua ni kicheko cha mwisho, ungekitunza. Mimi ningecheka ovyo ovyo, nikidhani vipo vingine. Ungekula peke yako karamu ya watu wawili. Halafu unishushe Mbita nikiwa mkwe wako!

Nikamwambia aende. Alisimama taratibu, akashika goti. Hata sasa sijui kama ni kweli linauma.

Jumanne, 4 Novemba

Mtihani umeanza. Nimesimama saa tatu nikiangalia watoto wasiangaliziane. Kazi yangu ni kukamata wadanganyifu. Nimecheka peke yangu, mtahiniwa mmoja akashtuka.

Jumanne, 11 Novemba

Nina uwezo wa kukataa. Mogaka anajua, ndiyo maana ametuma maziwa mara mbili. Neno la mama likitoka kwa ukali, ng'ombe hurudishwa njiani, aibu yao yote. Nimelala na wazo hilo wiki nzima na lina utamu.

Lakini nikikataa, Nyaboke atabaki kule Nakuru bila ng'ombe, bila mimi. Na Kemunto hatarudi kwangu kwa sababu nimemfukuzia ng'ombe. Nikikubali nimempoteza Kemunto kwa heshima. Nikikataa nimempoteza kwa matusi. Walinipangia vizuri. Kila mlango niufunguao, yeye hayupo nyuma yake.

Ijumaa, 14 Novemba

Hapana la kuandika. Namchukia.

Ijumaa, 21 Novemba

Mtihani umekwisha. Nilipofika nyumbani nilikuta ujumbe wake, wa kwanza tangu siku ile. "Bado kuna wiki mbili kabla ya tarehe saba."

Basi. Hakuna pole, hakuna nisamehe.

Nimeusoma kama mara ishirini. Mwanamke huyu hana haya. Nimeandika jibu refu la kumtukana, nikalifuta. Nimeandika "sawa", nikaifuta pia.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimempigia Mama Achieng. Nilimwambia nauliza tu. Anasema wiki ijayo chumba kipo, ziwa limetulia, boti linaondoka Mbita saa nne. Kutoka Jumapili tarehe thelathini, kurudi Jumatano tarehe tatu. Siku nne kamili, na ng'ombe bado wako kwao Nyanchwa.

Nina hasira bado. Lakini nimetoa mkoba juu ya kabati na kuupangusa vumbi. Nimeweka kanga mbili. Nimeweka vidonge. Nilijikuta nikiimba, nikajinyamazisha.

Ni hivi: anipe siku zangu nne. Sasa na mimi najua ni za mwisho, tutakuwa sawa. Nitamtukana Rusinga, nitamtukana Takawiri, tukifika Mfangano matusi yatakuwa yameisha. Kesho asubuhi nitampigia.

Jumanne, 25 Novemba

Nilipiga saa tatu. Simu ikapokelewa.

"Haloo, Mama amelala, aliumwa goti jana. Nimwambie ni nani?"

Nyaboke. Binti yangu mwenyewe, jikoni kwa Kemunto, Nyanchwa, nyuma yake sufuria zikigongana. Jumapili aliniambia yuko Nakuru, zamu ya wodi, hawezi kutoka hadi Desemba. Kutoka Nyanchwa hadi kwangu hata saa moja haifiki. Amepita Kisii mjini, ameshuka, ameenda kupikia mtu mwingine. Na hakuangalia hata jina la anayepiga.

Mama amelala. Alitamka Mama kama mtu aliyelizoea.

Nilikata. Akapiga. Akapiga tena. Kemunto naye akapiga, mara saba. Nimezima simu, nimeitia kwenye pipa la unga. Mkoba nimeurudisha juu ya kabati na vitu vyote ndani.

Goti kumbe linauma kweli. Sijali.

Alhamisi, 27 Novemba

Nyaboke alikuja jana, nikamfungulia. Anasema alikuja Kisii kupima gauni, aliona haya kunikabili. Nimempa chakula. Nimemwambia nitakuwepo tarehe saba na sitapiga kelele. Alipiga magoti. Nikamwambia ainuke, sakafu ni baridi.

Hakuthubutu kuniuliza nilipiga simu ile kwa sababu gani. Nami sikumwambia.

Jumapili, 30 Novemba

Leo ndiyo siku tungetoka. Asubuhi ilikuwa safi, bila wingu. Nilikaa mlangoni na chai. Saa nne nilitazama saa.

Angeweza kuja. Hata bila kuambiwa alijua hii ndiyo Jumapili ya mwisho kabla ya ng'ombe. Kutoka Nyanchwa ni karibu. Angekuja na mkoba wake, asiseme kitu, ningechukua wangu.

Na mimi pia ningeweza kwenda. Hilo naliandika kwa sababu hakuna atakayelisoma.

Jumapili, 7 Desemba

Ng'ombe sita na mbuzi wawili. Mogaka alivaa suti ya marehemu bila kuniomba. Watu walijaa Gesima, wali, kuku, mboga ya chinsaga, soda hadi kwa majirani. Kila mtu alinipa hongera. Wake wa shemeji zangu, hongera. Mzee wa kanisa, hongera. Bosibori alinipa hongera ya pili, ya kurekebisha ile ya kwanza.

Nyaboke alipendeza. Niliona fahari, sitadanganya.

Kemunto aliketishwa upande wa wageni, mimi upande wa wenyeji, uwanja mzima katikati. Mwishoni tulisimamishwa tusalimiane. Alinipa mikono yote miwili, kichwa kimeinama. Akaniuliza kama mvua imenyesha kwetu. Nikamwambia imenyesha, ndizi ziko salama. Watu wakapiga vigelegele. Mikono yake ilikuwa baridi. Tulifanya vizuri. Mama zetu wangejivunia.

Jumatatu, 8 Desemba

Mama Achieng amepiga kuuliza kama wageni wake wawili bado wanakuja wiki ya tarehe kumi na nne. Nimesema tunakuja. Ulimi ulitangulia.

Jumanne, 16 Desemba

Mfangano.

Nimekuja peke yangu. Mbita, Rusinga, Takawiri, kama ilivyokuwa kwenye daftari. Boti kubwa, omena, kuku wa watu. Mama mmoja alitapika kwenye ndoo na kuniomba radhi njia nzima. Mchanga wa Takawiri ni mweupe kweli, unaunguza nyayo. Asubuhi nimepandishwa mlimani kuonyeshwa michoro ya watu wa kale kwenye mwamba, miduara myekundu, mmoja ndani ya mwingine. Nilikuwa na mengi ya kusema kuihusu. Mwongozaji alikuwa na haraka.

Visiwa ni vizuri. Ni rahisi pia, mtu yeyote wa Gusii mwenye nauli na asiye na makuu angeweza kuja wakati wowote. Hilo limeniuma. Tungeweza kuja mwaka jana. Tungeweza kuja miaka kumi iliyopita.

Mama Achieng ni mnene, mpole, anatembea polepole. Mchana huu alikuwa anachoma ngege nje ya jiko, mimi nimekaa kwenye kigoda nikimenya vitunguu, maana sijui kukaa bure. Akaniuliza, yule rafiki yako uliyeagiza naye chumba, mbona hakuja? Anaumwa?

Nikasema hapana. Si rafiki tena. Mwanawe amemwoa binti yangu, ng'ombe waliletwa juzijuzi. Ni mkwe wangu.

Akaacha kupepea moto. Huku nao wana adabu hiyo hiyo ya wakwe, sikuhitaji kumweleza.

"Pole, dada," akasema.

Ndiye wa kwanza kunipa pole. Nimelia pale pale, mbele ya mtu nisiyemjua, kisu mkononi. Hakuninyamazisha. Alinipa kona ya leso yake, kisha akarudi kugeuza samaki.